Je, ni salama kumpeleka mzee na watoto kwenye migodi ya kale ya fedha ya Cobalt?

"Tunaishi Toronto. Baba mkwe wangu, aliyechimba kobalti chini ya ardhi huko Kolwezi kwa miaka mingi, yuko kwetu hadi mwezi wa tisa, na mume wangu anataka tumpeleke akaone mji wa Cobalt, Ontario, pamoja na mgodi wa zamani wa fedha na njia ya migodi inayouzunguka. Tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 11. Jirani amenitia hofu kwamba mahandaki ya fedha hutoa hewa ya sumu na kwamba mji ule wote umejaa sumu ya aseniki. Mkubwa anataka kuokota mawe yenye fedha, mdogo kila akishikacho hukitia mdomoni, na mzee huhema akipanda ngazi. Tuahirishe, au kuna namna ya kwenda bila kuja kujuta?"

Dada yangu, jibu langu ni kwamba nendeni, ila msiende kwa tahadhari zilizopinduliwa. Wageni wengi huingia handakini wakiwa na hofu, wakitazama dari na kuzuia pumzi, kisha wakitoka nje juani hulegea, huwaachia watoto wakimbie kwenye mchanga wa kijivu ulio kando ya maziwa, na hukaa chini kula mkate kwa mikono ile ile iliyokuwa ikishika mawe. Pale Cobalt handaki la kutembelewa na mwongozaji ndilo mahali penye hatari ndogo, na ule mchanga mzuri wa nje ndio unaohitaji macho yako. Nitaeleza sababu, maana ukiielewa hutahitaji kukariri orodha ndefu ya makatazo.

Jirani yako amepata nusu ya habari. Fedha yenyewe haina tatizo, kwani kipande cha fedha halisi kilicho ndani ya jiwe hakitoi hewa yoyote, na kukishika hakumdhuru mtu. Mawe ya Cobalt nayo hayafuki sumu yakiwa yametulia ukutani. Moshi wa aseniki hutoka pale mawe hayo yanapochomwa kwenye tanuri ili madini yatenganishwe, na kazi hiyo ilifanyika viwandani, kikiwemo kile cha Deloro kilichoko kusini mashariki mwa Ontario, wala si ndani ya mahandaki mtakayoyaona. Lakini kuhusu aseniki hakukosea. Fedha ya pale ilikaa katika mishipa myembamba ya kalsaiti, yaani nyufa za mwamba zilizojazwa jiwe jeupe la jamii ya chokaa, mingi ikiwa na upana wa kiganja au chini ya hapo, na ndani ya mishipa hiyo hiyo zimeshikana kobalti, nikeli na aseniki. Wenye migodi walilijua hilo vizuri kiasi kwamba mgodi mmoja maarufu uliitwa Coniagas, jina lililounganishwa kutokana na alama za kikemia za kobalti, nikeli, fedha na aseniki.

Mishipa hiyo iligunduliwa mwaka 1903, wakati reli ya serikali ya Ontario ilipokuwa ikijengwa kutoka North Bay kuelekea kaskazini. James McKinley na Ernest Darragh, waliokuwa wakishughulika na mbao za mataruma ya reli, waliona fedha kwenye ncha ya kusini ya ziwa ambalo leo huitwa Cobalt Lake, na muda mfupi baadaye mhunzi Fred LaRose akapata mshipa wake. Mtaambiwa kwamba LaRose alimrushia mbweha nyundo, nyundo ikagonga jiwe na fedha ikang'aa. Ni hadithi tamu kwa watoto, nami siiamini hata kidogo. Kilichofuata hakihitaji kutiwa chumvi. Mwaka 1911 pekee zilitoka zaidi ya aunsi milioni 30 za fedha, na kwa jumla eneo hilo limetoa zaidi ya aunsi milioni 400. Maziwa yalikaushwa ili mishipa iliyopita chini yake ichimbwe, na vilima viliondolewa udongo kwa mabomba ya maji yenye nguvu hadi mwamba ukabaki mtupu.

Fedha nyingi kiasi hicho haikutoka yote katika mawe ya kubebwa kwa mkono. Baada ya mawe tajiri kwisha, vilijengwa vinu vya kusaga mawe yaliyobaki hadi yawe laini kama unga, fedha ikatolewa, vingine vikitumia sayanidi na hata zebaki, kisha uji uliobaki ukamwagwa mabondeni na ziwani bila kizuizi. Wachimbaji wa Geita wangeyaita mabaki hayo marudio, na yale mawe makubwa yasiyo na mali yaliyotupwa kando ya mashimo wangeyaita magwangala. Kwa swali lako tofauti ya viwili hivyo ina uzito. Jiwe zima huifungia aseniki ndani yake, na ni uso wake tu unaoguswa na mvua na hewa. Jiwe lile lile likisagwa kuwa unga, uso wake huongezeka mara maelfu. Oksijeni na maji huingia kila upande, madini yenye aseniki huoza polepole, na aseniki huyeyuka na kutiririka hadi vijitoni. Jambo hilo linaendelea hadi leo, zaidi ya miaka 100 baada ya baadhi ya mchanga huo kumwagwa.

Hapa pana kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Wamezoea kuambiwa kwamba maji yaliyochafuliwa na mgodi huwa mekundu kama kutu, machungu, na hayana kiumbe. Maji ya Cobalt mara nyingi hayako hivyo, kwa sababu kalsaiti ile iliyobeba fedha huzuia maji yasigeuke kuwa tindikali. Utaona kijito cheupe, kinachometameta, chenye majani pembeni, nacho kikawa kimebeba aseniki nyingi, kwa kuwa aseniki haihitaji tindikali ili isafiri. Kiwango cha juu kinachokubaliwa Kanada kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na katika maziwa na vijito kadhaa vya eneo hilo imepimwa aseniki iliyopita mno kiwango hicho. Kuchemsha hakusaidii; maji hupungua kwa mvuke na aseniki hubaki ile ile katika maji machache zaidi. Kwa hiyo chukueni maji ya kunywa ya kutosha kutoka nyumbani au ya bomba mjini, na watoto wasichote maji ya kijito wala kuogelea katika maziwa yaliyo kando ya migodi.

Aseniki iliyo katika mchanga na mawe huingia mwilini hasa kwa kumezwa. Ngozi nzima isiyo na vidonda hupitisha kidogo sana, na vumbi la kuvuta puani huwa na uzito siku kavu zenye upepo, au pale watu wanapopita na pikipiki juu ya marudio. Basi mtoto wa miaka 11 aliyegusa ukuta wa mgodi na kunawa hana tatizo. Mdogo wake, aliyekaa mchangani nusu saa akijenga nyumba na kulamba vidole, ndiye ninayemfikiria, kwanza kwa kuwa mwili wake ni mdogo, na pili kwa kuwa katika umri huo mkono na mdomo havikai mbali. Hata kwake, chembe kidogo za siku moja hazitarajiwi kuleta madhara ya kudumu. Maradhi ya ngozi na saratani tunayoyahusisha na aseniki hutokana na kuinywa au kuimeza kwa miaka. Nasema hivi usije ukaogopa kupita kiasi, na si kwa nia ya kukulegeza.

Kuhusu handaki lenyewe, ziara ya chini ya ardhi hupangwa kupitia jumba la makumbusho la uchimbaji lililopo katikati ya mji, na hufanyika katika mgodi wa Colonial, nje kidogo ya mji, wakati wa majira ya joto. Mnaingia kwa miguu kupitia handaki la mlalo lililochongwa ubavuni mwa mlima, kwa hiyo hakuna kuteremshwa kwa winchi wala kushuka ngazi za shimo refu. Ndani ni baridi na unyevunyevu. Hata Julai vaeni sweta na viatu vilivyofunika mguu. Hakuna anayechoronga miamba siku hizi, hivyo vumbi la kazi halipo. Ipo gesi ya redoni, yenye mionzi na itokayo miambani, ambayo huweza kukusanyika katika handaki lolote duniani lisilopata hewa ya kutosha, lakini madhara yake hufuata muda mtu anaokaa ndani, na saa moja ya mgeni hailingani na miaka ya mfanyakazi. Pigeni simu kabla ya safari muulize mambo mawili: kama kuna nafasi siku hiyo, na kama mtoto wa miaka 4 anaruhusiwa.

Haya yote ninayosema ni juu ya handaki lenye mwongozaji. Mlango mwingine wowote mtakaouona porini, hata ukiwa na miti ya matimba, yaani nguzo za kushikilia dari, iliyosimama imara, msiuingie hata hatua tatu. Katika mahandaki yaliyoachwa, mbao zinazooza na madini yanayoshika kutu hula oksijeni, na hewa isiyo na oksijeni haina harufu wala haikabi koo. Mtu huishiwa nguvu kabla hajajua kwamba kuna kasoro.

Njia ya Urithi wa Fedha (Heritage Silver Trail), kama tunavyoweza kuiita kwa Kiswahili, ni mzunguko wa vituo vyenye vibao vya maelezo, ambao mnaufuata wenyewe kwa ramani, mkiendesha gari kutoka kituo hadi kituo na kutembea kidogo kila mnaposhuka. Kituo ambacho nisingekiruka ni kile cha Little Silver, mahali ambapo mshipa ulichimbwa wote kuanzia juu hadi chini na pakabaki ufa mwembamba uliokata mwamba. Ukisimama mbele yake unaelewa mara moja jinsi fedha ilivyokaa, kwani pengo lile ndilo umbo la mshipa uliokuwepo, na kuta mbili zinatazamana karibu karibu kama zilivyoachwa. Tazameni pia rangi zilizoko juu ya mawe. Waridi iliyoiva ni kobalti iliyoguswa na hewa na maji, na kijani hafifu ni nikeli, nazo zote mbili zimeungana na aseniki. Wachimbaji wa zamani walizitumia kama dalili ya kufuatia fedha, nanyi zitumieni kama dalili ya kutogusa. Minara ya kupandishia mawe ya Right of Way na Townsite inafaa kwa mzee, na ule wa Coniagas utawachekesha watoto, maana umechomoza kwenye paa la jengo la duka lililojengwa kuuzunguka. Katika magofu ya kinu cha McKinley-Darragh mwendo uwe wa tahadhari, kwa sababu mahali penye kinu hapakosi marudio.

Jambo la pili kwenye njia hiyo ni ardhi yenyewe. Fedha ya Cobalt ilianzia juu kabisa, ikichimbwa kuanzia mizizi ya nyasi kwenda chini, na hivyo mapango mengi ya kazi yana dari nyembamba ya mwamba au udongo. Ukiona uzio katikati ya msitu bila kuona shimo, usidhani uliwekwa bure. Bakini kwenye njia iliyotengenezwa, mdogo akishikwa mkono, na mkubwa akijua kwamba uzio haurukwi kwa sababu ya picha.

Agosti mtakuta pia matunda ya bluberi yameiva juu ya miamba mitupu, na wenyeji wakiyachuma. Yachumeni mahali pengine mkiwa njiani, mbali na vinu na mchanga wa kijivu. Samaki wa maziwa yale nao waacheni hadi mtakapotazama mwongozo ambao serikali ya Ontario huutoa kuhusu samaki wa kila ziwa.

Kwa mtoto mdogo mpango wangu ni huu. Tembeleeni vituo vya mwamba na minara, na vile vya mchanga wa marudio mviruke kabisa au abaki garini na mmoja wenu. Chakula kiliwe mjini baada ya kunawa, kwa maji na sabuni. Dawa ya mikono ya spiriti huua vijidudu lakini haiondoi chembe za mchanga, kwa hiyo isikudanganye. Kama hakuna bomba, vitambaa vyenye maji ni bora kuliko hiyo spiriti. Viatu vikung'utwe na kuwekwa kwenye mfuko kabla ya kuingia garini, na nguo zifuliwe peke yake mkifika.

Mwanao mkubwa asiokote mawe kwenye vituo, kwanza kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi hiyo ina wenyewe na haki za madini zilizosajiliwa, hivyo kubeba jiwe bila ruhusa ni kuchukua mali ya mtu. Pili, jiwe linalomvutia mtoto ndilo lile la waridi. Fedha halisi ya Cobalt haimeti. Imepigwa weusi na hewa, na mtu asiyeizoea hupita juu yake. Mpelekeni makumbusho aone mkusanyiko wao, ambao ni mkubwa kwelikweli, na akitaka cha kwake anunue kipande kidogo kilichosafishwa. Kikae kwenye kisanduku chenye kifuniko cha kioo, mahali ambapo mdogo wake hafiki.

Sasa nimzungumzie mzee, ambaye nadhani ndiye aliyekufanya uniandikie ingawa umemtaja mwisho. Ana haki ya kuuona mji huu kuliko watalii wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ontario ndiyo iliyoongoza duniani kwa kobalti, ambayo ilitoka kama mali ya ziada katika mawe haya ya fedha, na katika miaka ya 1920 Katanga, eneo la Kongo ilipo Kolwezi, ikaipiku na kuishika nafasi hiyo. Ataona kobalti, lakini haitakuwa ile aijuayo. Kule Kolwezi hukaa pamoja na shaba, na aseniki si jambo la kila siku kwa mchimbaji. Mwambie mapema, kwa sababu mkono wa mtu mwenye uzoefu huwa mwepesi kuokota jiwe, kulilowesha kwa mate na kulisugua ili aone rangi yake. Hapa asifanye hivyo.

Kuhema kwake akipanda ngazi kunahitaji jibu kabla ya safari. Mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, katika vumbi la miamba yenye silika (madini yaliyo pia katika mchanga), anaweza kuwa na makovu kwenye mapafu yaitwayo silikosisi, hata kama aliacha kazi zamani na hata kama hakuvuta sigara. Makovu hayo hayafutiki, na huweza kuongezeka polepole baada ya vumbi lenyewe kwisha. Inaweza pia kuwa moyo, upungufu wa damu au pumu, na kwa maandishi siwezi kutofautisha. Apelekwe kwa daktari, aeleze kazi aliyoifanya na kwa miaka mingapi, maana daktari wa Toronto hataiuliza mwenyewe, naye aombe picha ya kifua na kipimo cha pumzi. Kama ana kikohozi cha zaidi ya wiki 2, anapungua uzito au anatoka jasho usiku, msisubiri. Silikosisi huongeza sana uwezekano wa kupata kifua kikuu, na hilo ni muhimu pia kwa watoto mnaoishi nao nyumba moja.

Akiwa anatembea tambarare kwa mwendo wake, akizungumza bila kukatika pumzi, handaki la mlalo halitamshinda. Atangulie kusimama mlangoni dakika chache ili kifua kizoee hewa baridi, na kama ana dawa ya kuvuta aibebe mfukoni, wala si garini. Akiwa anahema hata kwenye tambarare, basi asiingie. Makumbusho na ile minara itamtosha, na vituo vyenye ngazi na vilima muwaachie vijana. Muulizeni pia faraghani kama anataka kuingia. Wapo wazee waliopoteza wenzao chini ya ardhi na hawapendi kurudi huko, ila hawatasema mbele ya wajukuu waliokwisha furahi.

Cobalt ni takriban kilomita 500 kutoka Toronto, na kwa watoto wadogo kwenda na kurudi siku moja ni mateso. Mkilala usiku mmoja Haileybury au North Bay mtapata asubuhi nzima ya kutulia. Kama ningekuwa nachagua kwa niaba yenu, ningeanza na makumbusho na handaki asubuhi, chakula mjini, kisha vituo vitatu au vinne vya njia, na kuacha vilivyobaki. Kuahirisha kungekuwa sahihi tu kama daktari ana mashaka juu ya mzee.

Mtoto akimeza mchanga kidogo, msafishe mdomo, mpe maji, na upige simu ya kituo cha sumu cha Kanada, 1-844-764-7669, ambacho hupokea usiku na mchana, usimtapishe. Akianza kutapika, kuharisha maji maji au kulegea ndani ya saa chache, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba alikuwa kwenye marudio ya mgodi wenye aseniki. Kipimo kinachofaa ni cha mkojo, nacho huombwa na daktari. Vipimo vya nywele vinavyouzwa mtandaoni msitupie pesa, kwani nywele huchukua uchafu wa nje na majibu yake huogofya watu bure. Na kabla ya kipimo cha mkojo asile samaki, kamba wala dagaa kwa siku kadhaa, la sivyo aseniki isiyo na madhara inayopatikana katika vyakula vya baharini itapandisha majibu, nanyi mtalaumu mji wa Cobalt kwa mchuzi wa dagaa mliokula nyumbani.